Bibi Shamba wa Ghorofa ya Pili

Nilipokuwa kwetu Pemba watu waliniita bibi shamba, na jina hilo sikulichukia. Nilikuwa na cheti cha kilimo na kazi katika kitengo cha kinga ya mimea. Kazi yenyewe ilikuwa kwenda mashambani na daftari, penseli na kioo cha kukuzia, kugeuza majani ya muhogo na kuhesabu utitiri waliojificha upande wa chini. Jani baada ya jani, mche baada ya mche, mpaka kisogo kikaniungua kwa jua. Mwanzo wakulima walinicheka, mwanamke mzima kutwa kuchungulia majani. Halafu muhogo wao ukianza kudumaa walinifuata hadi nyumbani, wakanisubiri barazani.

Nilifika London katikati ya miaka ya tisini, nikakipeleka cheti changu kwenye ofisi moja niliyoelekezwa. Dada wa mezani alikishika kwa ncha za vidole, akakigeuza nyuma kuona kama kuna kitu kimeandikwa, akanirudishia pamoja na fomu. Baada ya wiki kadhaa ikaja barua kwamba cheti changu hakina cha kulinganishwa nacho. Ndivyo walivyoandika. Nikaenda kufanya kazi ya kutunza wazee majumbani mwao: kuosha, kuvisha, kulisha, kisha kuandika kwenye kitabu kwamba nimeosha, nimevisha, nimelisha. Miaka ikapita, na hakuna mtu mmoja katika mji ule aliyenihitaji kwa kile nilichokisomea. Aliyekuja kunihitaji ni mume wangu, na alinihitaji kwa sababu ya bangi.

Mume wangu alikuwa mtoto wa Mji Mkongwe, baba yake karani, na katika maisha yake hakuwahi kushika jembe. London alipata kazi ya kupakia mizigo kwenye ghala moja huko Hayes, karibu na uwanja wa ndege. Mwaka wa tano wa kazi ile rundo la masanduku lilimwangukia mgongoni. Hospitali walimpa vidonge na karatasi yenye picha za mazoezi. Vidonge vilimchoma tumbo na kumfanya asinzie mezani kama mzee, na mazoezi aliyafanya kwa wiki mbili akaacha. Akawa mtu wa kushika kuta. Akitaka kukaa, alilishikilia kwanza kochi kwa mikono miwili, akafumba macho, ndipo akashuka.

Mtu mmoja aliyefanya naye kazi akampa bangi. Siku hiyo alivuta dirishani, akarudi kitandani akalala saa sita mfululizo. Sitasema uongo kwamba nilikasirika. Nilifurahi. Nililala na mimi.

Lakini mtu yule akahama, na mume wangu akaanza kwenda kununua mahali ambapo sikupapenda, kwa vijana waliomwita mjomba huku wakimcheka. Siku moja akarudi na kunituliza kabla sijasema lolote.

"Nitaipanda mwenyewe," alisema. "Miche minne tu. Hapa hapa ndani."

"Hapa wapi?"

Akatazama mlango wa chumba kidogo. Nyumba yetu ilikuwa ya kaunsili, ya kupangishwa na serikali ya mtaa, ghorofa ya pili, vyumba viwili. Kidogo kilikuwa cha binti yetu. Alikuwa na miaka tisa.

"Ni dawa," alisema.

"Dawa gani inayotaka chumba kizima?"

Tulibishana siku nne, na siku ya tano niliporudi kutoka kazini kitanda cha mtoto kilikuwa kimesimamishwa ubavu sebuleni. Tangu siku hiyo binti yangu akalala kwenye kochi. Alielewa Kiswahili chote lakini alijibu kwa Kiingereza, na kwa Kiingereza chake kile cha shuleni aliniuliza kwa nini mimea ina mlango na yeye hana. Nilimwambia baba yako mgonjwa. Aliitikia kwa kichwa. Mtoto akishaitikia hivyo, hakuulizi tena, nawe unajua umempa kitu asichokiamini.

Mume wangu alitandika plastiki nyeupe ukutani, akaziba dirisha, akatundika taa moja kubwa iliyokuwa ikitoa joto kama jiko, na feni ya kupepea majani. Miche minne ikawa tisa. Mimi nilisema simo. Hatukuwa bado na uraia, na nilijua kazi yangu ingekwisha siku hiyo hiyo ambayo mtu mwenye mamlaka angefungua mlango ule. Nilisali chumbani kwetu na harufu ile ikipita chini ya mlango, nikijiambia Mungu anaona nia. Lakini nia yangu mwenyewe sikuijua.

Wadudu wa kwanza walikuwa vijinzi vyeusi, vidogo kuliko chembe ya pilipili manga, waliotoka kwenye udongo wa vyungu. Waliingia sebuleni, wakaanguka kwenye chai. Binti yangu aliwafuta kwenye daftari lake la hesabu kwa ukucha. Mume wangu akatundika karatasi za njano zenye gundi, akajiona fundi. Mie nilijua kwamba anamwagilia maji kupita kiasi, na kwamba udongo ukiachwa ukauke juu vijinzi vile vitaondoka. Nilinyamaza. Kunyamaza kwangu kulikuwa ndiyo starehe pekee niliyobaki nayo katika nyumba ile.

Halafu siku moja ya mwanzo wa baridi alikuja jikoni na jani kwenye kisosi.

"Hebu niangalizie hili," alisema.

Lilikuwa na vidoadoa vyeupe, kama mtu amelichoma kwa sindano mara mia. Niliweka chini kisu cha vitunguu. Mkono wangu ulilipindua lile jani kabla sijaamua kulipindua, maana kwa miaka mingi nyumbani kazi ya mkono huu ilikuwa hiyo tu. Nikaenda chumbani, nikatoa kile kioo changu cha kukuzia kilichokuwa ndani ya soksi chini ya sanduku, nikarudi chini ya taa ya jikoni.

Walikuwepo. Mayai ya duara yanayong'aa kama matone ya glasi, na wenyewe wakitambaa polepole, rangi ya maji ya ndimu, kila mmoja na madoa mawili meusi mgongoni. Utando mwembamba ulikuwa umeshaanza kwenye pembe ya jani.

"Wadudu gani hao?" aliuliza.

"Si wadudu. Mdudu ana miguu sita. Hesabu."

Akainama na mgongo wake mbovu, akaweka jicho kwenye kioo, akahesabu kwa midomo. "Minane," alisema.

"Utitiri. Kule kwetu nilikuwa nikihesabu wa muhogo. Hawa ni ndugu zao."

"Wabaya?"

"Wakipata joto na ukavu, yai linakuwa mama ndani ya wiki moja. Na wewe umewapa joto na ukavu."

Alinitazama. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza tangu tufike Uingereza kunitazama kama mtu anayejua kitu. "Basi tumepona," alisema. "Bibi shamba yuko hapa."

Nilipaswa kuondoka jikoni. Badala yake niliingia kwenye kile chumba, mara yangu ya kwanza, nikapita mche mmoja mmoja, nikageuza majani na kumtajia idadi, naye akaandika nyuma ya bahasha. Naandika hili kwa sababu ni kweli: nilikuwa na furaha. Nilisimama chini ya taa ile ya haramu, nikihesabu.

Kuanzia hapo, kila nikitoka kazini nilipitiliza chumbani. Nilifuta majani upande wa chini kwa kitambaa chenye maji, nikakata yaliyoharibika, nikabeba vyungu mpaka bafuni na kuiosha miche chini ya bomba. Nilimfanya apunguze joto na aache udongo ukauke. Yeye alileta chai na kukaa mlangoni kwenye kiti, akinitazama. Tulizungumza. Aliniuliza habari za shamba la baba yangu, mambo ambayo hakuwahi kuniuliza katika miaka kumi na miwili ya ndoa. Aliniuliza nilimhesabia nani utitiri wale wote, na daftari zangu zilikwenda wapi. Nikamwambia sijui, labda zimeliwa na mchwa. Akacheka mpaka akashika mgongo. Majuma yale mawili matatu yalikuwa mazuri kuliko mengine yote tuliyopata London, na sitaki kuyakumbuka, lakini hayatoki.

Sikuwa nikibadilisha nguo. Hapo ndipo kosa langu lilipo. Niliingia na yunifomu yangu ya kazi na sweta langu jeusi la sufu, kwa sababu nilikuwa na haraka, na asubuhi nililivaa sweta lile lile. Mimi, niliyekuwa nikiwafokea wakulima wazima, watu wa umri wa baba yangu, kwamba usitoke kwenye shamba lenye ugonjwa ukaingia kwenye shamba safi bila kukung'uta nguo.

Shamba safi lilikuwa mtaa wa Queensbury, kwa bibi mmoja wa Kihindi niliyekuwa nikimhudumia kila asubuhi. Nyumbani kwake wote walimwita Ba, yaani mama, nami nikamwita hivyo hivyo. Alizaliwa Kisumu, mumewe alikuwa na duka la vitambaa huko, na walihamia London zamani, watoto wao wakiwa wadogo. Mumewe alishakufa. Aliishi na mwanawe na mkamwana wake, ambao wote walikuwa wakienda kazini mapema. Siku ya kwanza aliponisikia nikijisemea kwa Kiswahili wakati natafuta taulo, alikaa kitandani akalia. Kiswahili chake kilikuwa cha dukani, kimevunjika kila mahali, na alikizungumza kwa raha kama mtu aliyevua viatu vinavyobana.

"Wewe nachelewa leo," angeniambia. "Basi gani nakuja nayo? Hiyo basi iko bure."

Dirishani kwake, kwenye chungu cha udongo juu ya meza ndogo, kulikuwa na tulasi. Ni mrehani, jamaa ya ule tunaousuka kwenye vikuba, vile vishada vya maua ya kuvaa, kwetu, ila kwa Wahindi ni mmea wa ibada. Mbegu yake ilitokana na mbegu iliyotokana na mbegu ya mama mkwe wake, kule Kisumu. Wakati wa baridi hauwezi kuishi nje, ndiyo maana ulikaa pale, juu ya rediata, chuma cha kupashia chumba joto. Kila asubuhi nikishamwogesha na kumvika sari yake nyeupe, alitaka nimshike kiwiko mpaka dirishani. Aliumwagilia maji kwa kikombe kidogo cha shaba, akawasha utambi, akakutanisha viganja. Mimi ni Mwislamu, nilitazama pembeni kwa heshima. Lakini sikukiachia kiwiko chake, na mkono wa sweta langu uligusa majani yale kila siku.

Ilikuwa Januari aliponiambia, "Binti, hii mti yangu iko gonjwa. Wewe angalia."

Sikuhitaji kioo. Niliona vidoadoa vyeupe, nikapindua jani, nikaona utando.

"Hii dudu natoka wapi?" aliuliza Ba. "Miaka yote hii mimi hapana ona."

"Labda kwenye maua ya dukani, Ba."

"Mimi hapana nunua maua."

"Basi labda wameingia kwa dirisha."

Dirisha lilikuwa limefungwa tangu Oktoba, na pembeni mwanawe alikuwa amebandika utepe kuzuia upepo. Ba alilitazama dirisha, halafu akanitazama mimi. Niliinama kumfunga viatu, na viatu vile vilikuwa vimeshafungwa.

Nyumbani, utitiri walikuwa wamepungua lakini hawajaisha, na mume wangu na mimi tulikuwa tumeshaagiza dawa niliyoiamini. Haikuwa sumu. Kuna utitiri wengine, wekundu na wepesi wa miguu, ambao chakula chao ni utitiri wenzao. Kwetu tulikuwa tukisikia habari za wataalamu wanaowaleta kupambana na wale wa muhogo, nami sikuwahi kuwaona kwa macho. London waliuzwa kwa posta. Nilipiga simu mwenyewe, nikasema ni kwa ajili ya nyanya zangu. Wakaja kwenye kichupa cha plastiki, wamechanganywa na pumba, hai. Nilikishika kichupa kile kwenye ngazi kama mtu aliyepokea barua ya nyumbani.

Kabla ya kufungua mlango nilishaamua. Nilimimina nusu kwenye mtungi mtupu wa jamu, nikauficha kwenye mkoba.

Mume wangu aliona. Alikuwa amehesabu siku za kukingojea kile kichupa.

"Mbona nusu?" aliuliza.

"Nyingine nampelekea Ba. Mmea wake umepata."

"Unampelekea bibi wa Kihindi utitiri wangu?"

"Ugonjwa nimempelekea mie. Kwa sweta hili."

Aliutazama mkono wa sweta. Nilidhani ananifikiria mimi. "Mie siwezi kulala," alisema. "Unajua maumivu yangu. Mmea wake ni wa kuutazama tu. Kipi kwanza?"

"Wake."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu yeye hakunifanya nifiche kitu. Wewe ndiye uliyenifanya nimfiche."

Hakuja tena kukaa mlangoni na chai. Niliendelea kuosha majani peke yangu siku chache, halafu nikaacha.

Ba nilimwambia nusu ya ukweli. Nilimwonyesha mtungi, nikamwambia hawa wanakula wale. Alifurahi sana. "Dudu nakula dudu," alisema, akatikisa kichwa. Nilinyunyiza pumba juu ya majani mbele yake, nikampa chupa ya kupulizia maji, maana walaji wale wanapenda unyevu. Lakini rediata ilikuwa chini ya mmea usiku na mchana, na Ba alisikia baridi ikizimwa hata kwa saa moja. Walikufa. Najua walikufa kwa sababu niliwatafuta kila asubuhi na kioo, nikawakuta wamekauka kama vumbi la matofali. Mmea ukaanza kupukutisha majani kwenye kitambaa chekundu alichoutandikia, na Ba akawa anayaokota moja moja na kuyaweka kwenye kisahani, hataki yatupwe.

Asubuhi moja mkamwana wake ndiye aliyenifungulia. Hakuwa amekwenda kazini. Mezani aliweka ule mtungi wangu wa jamu.

Alizungumza Kiingereza, kwa upole, nami namkumbuka kwa upole ule. Aliniuliza ni mimi niliyeleta wadudu nyumbani kwao na kuwaweka juu ya mmea wao wa ibada. Nilisema ndiyo, lakini hawa ni wa kusaidia. Aliniuliza ni nani aliyeniruhusu. Nilisema hakuna. Halafu akasema kuna jambo jingine ambalo hakupenda kulisema. Sweta langu lina harufu. Anafanya kazi na vijana, harufu ile anaijua, na hamtaki mtu mwenye harufu ile amwogeshe mama mkwe wake.

Nilisimama na mkoba wangu. Ningeweza kusema harufu ni ya mume wangu, ni mgongo wake, ni ghala, ni masanduku. Yote yalikuwa kweli, na hakuna hata moja lililokuwa jibu.

Ba alikuwa kwenye kiti chake. Alinisemesha kwa Kiswahili, na mkamwana wake, mzaliwa wa Kenton, hapo hapo London, hakujua neno.

"Kwako iko mti gonjwa?"

"Ndiyo, Ba."

"Hii dudu natoka kwako?"

"Ndiyo."

"Sasa kwa nini hapana sema? Mimi nauliza wewe. Mimi nauliza wewe vizuri."

Alisubiri. Kisha akageuza uso kwenye dirisha, na mkamwana akaniongoza mpaka mlangoni.

Kesho yake ofisi iliyonipa kazi ilinipigia simu, nisiende tena nyumba ile. Hawakunishtaki kwa lolote. Walisema tu kwamba kwa sasa hawana saa za kunipa, na hiyo sasa yao haikuisha. Baada ya mwezi nilikuwa nasafisha ofisi alfajiri, mahali ambapo hakuna mtu wa kunisikia nikizungumza wala wa kuninusa.

Mume wangu hakuniuliza kilichotokea. Miche ilikuwa imeanza kutoa maua, na utitiri, baada ya mimi kuacha na ile nusu ya walaji kutotosha, walirudi kwa nguvu. Walisuka utando kutoka ua hadi ua mpaka vichwa vya miche vikaonekana vimevaa shela. Siku moja niliporudi nilikutana na harufu nyingine ngazini, kali, ya kuwasha koo. Nilifungua mlango wa chumba, nikamkuta amefunga leso usoni na ameshika pampu ya mkono.

"Umepulizia nini?"

"Kitu kinachoua."

"Kinaitwaje?"

Alikuwa amekipata kwa mtu. Chupa haikuwa na karatasi. Niliipeleka puani na nikaiondoa haraka, maana niliifahamu jamii ya sumu ile, tulikuwa tukiifungia kabatini kwa kufuli na kuandika jina la anayeichukua.

"Usiivute hii," nilimwambia. "Sikiliza. Nikikwambia jambo lolote lingine usinisikilize, lakini hili nisikilize. Hata mchicha uliopigwa dawa hauliwi kesho yake. Hii utaiwasha moto na kuivuta kifuani. Itupe yote."

"Miezi minne," alisema. "Nimengoja miezi minne. Wewe ulikuwa na dawa nzuri, ukaigawa."

"Itupe."

"Unafurahi," alisema. "Tangu mwanzo ulitaka ife."

Aliikausha, akaivuta. Siku za kwanza hakupatwa na kitu na alinitazama kwa ushindi. Halafu kikaanza kikohozi, na kichwa, na mate kumjaa mdomoni. Jumapili moja mchana, binti yangu akitazama televisheni, baba yake alianza kutapika na mikono ikawa inatetemeka asiweze kushika kikombe. Niliita gari la wagonjwa. Nilipokuwa nikisubiri nilifunga mlango wa chumba kile na kusukuma taulo chini yake. Hata wakati ule nilifikiria harufu.

Hospitali daktari, kijana mwenye macho ya uchovu, alimwuliza kama amekaribiana na kemikali yoyote, sumu ya wadudu, kitu cha kazini. Mume wangu akatikisa kichwa. Daktari akauliza tena, polepole. Akatikisa tena, akinitazama mimi.

Nilisema. Nilisema yote, mbele yake, kwa Kiingereza changu cha kazini. Daktari hakuinua hata nyusi. Aliuliza jina la dawa, nikasema sijui, akasema leta chupa. Nilirudi kwa teksi, nikaichukua, nikaipeleka imefungwa kwenye mifuko mitatu.

Polisi hawakuja. Niliwangoja wiki nzima, kila kengele ya mlango ikanipasua. Wakati mume wangu yuko wodini niling'oa miche yote tisa, nikaikatakata kwa mkasi wa jikoni nikiwa nimevaa glavu, nikaitoa kidogo kidogo chini ya taka za nyumbani. Nilibandua plastiki ukutani. Nyuma yake kulikuwa na ukungu mweusi kutoka chini mpaka juu, na chini kwenye kona, stika za nyota alizobandika binti yangu alipokuwa na miaka saba. Niliosha kuta mara nne.

Alipona, kama ilivyo kupona. Kifua hakikurudi kama kilivyokuwa, na mgongo ulirudi vile vile, sasa bila cha kuutuliza. Siku aliporudi nyumbani alikaa kwenye kochi kwa mtindo wake, mikono kwanza, macho kafumba.

"Ulinisema kwa wazungu," alisema.

"Ungekufa."

"Ulinisema mbele yangu."

Nilikuwa nimemsema, na mbele yake, na Ba sikumwambia kweli aliponiuliza vizuri. Mara mbili swali lile lile liliulizwa mbele yangu, mara moja nikasema kweli, na sikupata shukrani kwa yoyote kati ya hizo mbili.

Tuliishi pamoja miaka mingine sita. Niliichukua dawa yake kwenye duka la dawa kila mwezi, na mfamasia akanieleza upya kila mara namna ya kuinywa. Nilimpa vidonge na maji, akavipokea mkononi mwangu bila kuinua macho. Binti yetu alipoanza kidato cha juu, mume wangu alikata tiketi akarudi Unguja, akasema joto la kule litamfaa mgongo. Labda limemfaa. Siku za Idi hupiga simu. Huniuliza hujambo, nami husema sijambo, kisha huuliza mtoto yupo, nami humpa mtoto simu.